MATAYARISHO YA MWAKA WA MWISHO WA SEKONDARI NA MAOMBI YA KUJIUNGA NA VYUO

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa wa Habari wa Wizara mbele ya wazee, walimu, Masheha na wanafunzi wa Kidato cha Nne na Kidato cha Sita, kisiwani Pemba. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi wa Serikali na wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.)



  Mimi si mwalimu wala si mtaalamu wa mitihani. Kazi yangu ni kuandika matangazo na kuyafikisha kwa wananchi. Lakini katika miaka mingi ya kazi hiyo nimejifunza jambo moja, nalo ndilo nililokuja kulisema: vijana wengi wanaokosa vyuo hawakukosa akili, wala hawakufeli mtihani. Wamekosa kwa sababu mwaka wao wa mwisho haukupangwa. Mtihani waliufanya vizuri, lakini karatasi zao zilikuwa na kasoro, au walichagua fani wasiyostahiki, au tarehe ilipita wakiwa bado wanaulizana.

Tunakumbuka kwamba tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza elimu bila ya malipo. Tangu siku hiyo mlango wa skuli umekuwa wazi kwa mtoto wa mkulima na mtoto wa mvuvi. Hata hivyo, mlango wa chuo kikuu ulichelewa kufika kwetu. Kabla ya mwaka 1998 visiwa hivi havikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na wengi waliotaka shahada walilazimika kuvuka bahari. Mwaka huo ndipo kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Zanzibar, ambacho kipo Tunguu, na Chuo Kikuu cha Elimu kule Chukwani, ambacho sasa kinajulikana kwa jina la Abdulrahman Al-Sumait. Kisha kikafuata Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kusomesha mwaka 2001. Leo SUZA ina kampasi hata hapa kwetu Pemba. Kwa hivyo vyuo vipo. Linalobaki ni kumfikisha kijana mlangoni kwa wakati, akiwa na ufunguo mkononi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba ruhusa nianze na kisa cha nyumbani kwangu, ingawa hakinipambi.

Mimi nilisoma chuoni kwa maalim, kisha nikasoma skuli hadi Kidato cha Nne, nilichomaliza mwaka 1987. Tangazo la nafasi za masomo ya mbele nililiona limebandikwa ubaoni siku ya nne baada ya tarehe yake kupita. Nililisimamia pale nikalisoma mara mbili, kisha nikarudi nyumbani. Nilipoajiriwa katika kazi ya habari niliweka nia kwamba hakuna mtoto wa mtu atakayekosa nafasi kwa sababu mimi nimechelewesha tangazo. Na nadhani kwa upande huo nimejitahidi.

Lakini mwanangu wa pili, ambaye ni wa kike, alipomaliza Kidato cha Sita na kufaulu vizuri, niliona fahari kubwa na nikadhani kazi imekwisha. Akapata nafasi katika chuo kikuu cha Tanzania Bara. Tulipokwenda kuomba mkopo ndipo ilipobainika kwamba jina lililomo katika cheti chake cha kuzaliwa si sawa na jina alilofanyia mtihani wa Kidato cha Nne. Jina la babu yake limeandikwa Mohamed katika cheti kimoja na Muhammed katika chengine, na jina la ukoo limo huku na halimo kule. Tukaanza kutafuta marekebisho na hati ya kiapo. Kabla ya marekebisho kukamilika, muda wa maombi ulifungwa. Mshahara wangu haukuweza kubeba ada, dakhalia na chakula kwa mwaka mzima. Mtoto akakaa nyumbani.

Wazee wenzangu, simlaumu mtu katika hilo wala silaumu ofisi yoyote. Tangazo lililosema kwamba majina lazima yafanane nililiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Cheti cha mwanangu kilikuwa ndani ya sanduku langu kwa miaka 19 na sikukifungua hata siku moja kukilinganisha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga, na aliyebeba matofali ni mtoto. Mwaka uliofuata aliomba tena akapata, na sasa anasomea ualimu. Lakini mwaka ule mmoja, wakati wenzake wakiondoka na yeye akibaki, siwezi kumrejeshea.

Ndiyo maana nimeomba tuzungumze leo, mwanzoni mwa mwaka wa masomo, tusingoje mwisho wake. Nitayagawa maneno yangu katika mambo sita.

Jambo la kwanza ni hati. Kila mzee aliyepo hapa, akirudi nyumbani jioni hii, namuomba afungue sanduku. Atoe cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na cheti au karatasi ya matokeo ya Kidato cha Nne, aziweke pamoja chini ya taa, na asome herufi kwa herufi. Jina la mtoto, la baba, la babu na la ukoo. Tarehe ya kuzaliwa pia. Ali na Aly si kitu kimoja mbele ya kompyuta. Khadija na Hadija ni watu wawili. Sisi kwa sisi tunajuana kwa sura na kwa mitaa, lakini mashine haimjui mtu ila kwa herufi zake.

Kwa aliyezaliwa Zanzibar, cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Kwa aliyezaliwa Tanzania Bara huhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao watu wanaujua kwa jina la RITA. Hali kadhalika, mtoto aliyefiwa na mzazi atahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa. Kazi hizi zinachukua muda, na muda huo unakuwa mrefu zaidi pale ambapo watu wote wanakwenda siku moja. Aliyekwenda mwezi wa Oktoba atahudumiwa kwa utulivu. Aliyengoja mpaka Agosti atakuta foleni.

Kwa wazee wa Kidato cha Nne nasema zaidi. Jina atakalosajiliwa nalo mtoto kwa mtihani wa Kidato cha Nne ndilo litakalomfuata Kidato cha Sita, chuoni, katika mkopo na katika ajira. Skuli inapotayarisha orodha ya watahiniwa, nendeni mkaione kabla haijapelekwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Dakika tano za kuisoma orodha ile zinaweza kuokoa mwaka mzima. Na namba ya mtihani ya Kidato cha Nne iandikwe mahali pasipopotea, kwani kila mlango wa mbele utaiuliza.

Jambo la pili ni kuchagua fani kwa kujua masharti yake. Kijana akiulizwa anataka kuwa nani, aghalabu husema daktari, mhandisi au mwanasheria. Ni jambo jema. Lakini kila fani ina masomo yake inayoyadai. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa pamoja. Kijana aliyechukua tahasusi ya Kemia, Baiolojia na Jiografia anaweza kuwa hodari kupita wenzake wote, na bado mlango wa udaktari kwake ukawa umefungwa, kwa sababu Fizikia hanayo. Mlango ule haukufungwa siku ya matokeo. Ulifungwa siku alipochagua tahasusi ya Kidato cha Tano. Vilevile, programu nyingi za biashara, uchumi na kompyuta zinaangalia ufaulu wa Hisabati wa Kidato cha Nne. Kijana wa Kidato cha Nne anayeitupa Hisabati leo kwa kusema haipendi, ajue kwamba anajipunguzia milango asiyoijua bado.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili, kimoja kwa waliomaliza Kidato cha Sita na chengine kwa wenye stashahada na sifa nyengine zinazolingana. Ndani yake kila chuo kimeorodheshwa, na kila programu imeandikwa masharti yake. Kitabu hicho kinapatikana katika mtandao bila ya malipo. Naiomba kila skuli ikipige chapa, iweke nakala moja katika maktaba, na kila kijana wa Kidato cha Sita akisome kabla ya mwezi wa Disemba, hata kama ni cha mwaka uliopita. Masharti hubadilika kidogo kidogo, lakini aliyesoma ya jana ataelewa ya kesho.

Jambo la tatu ni kuelewa hesabu ya pointi, maana hapa wazee wengi tunachanganyikiwa. Zipo hesabu mbili, na zinakwenda kinyume. Baraza la Mitihani linapopanga madaraja ya Kidato cha Sita, daraja la A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, na kuendelea. Kwa hivyo aliyefaulu zaidi ana pointi chache zaidi. Daraja la Kwanza ni kuanzia pointi 3 hadi 9 kwa masomo matatu. Ama kwa kuingia chuo kikuu, hesabu inageuka: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hapa mwenye pointi nyingi ndiye bora. Sharti la chini la kawaida la kuingia shahada ya kwanza, kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, ni ufaulu mkuu katika masomo mawili wenye jumla isiyopungua pointi 4. Ufaulu mkuu ni kuanzia A hadi E. Alama ya S haimo.

Mathalani, kijana mwenye D mbili ana pointi 4, na mwenye C moja na E moja pia ana pointi 4. Wote wawili wamefika kizingitini. Lakini kufika kizingitini si kuingia ndani. Fani inayotakiwa na watu wengi hujaza nafasi zake kwa wenye pointi za juu, na baadhi ya fani zina sharti kubwa kuliko hilo. Kwa hivyo kijana anapopanga maombi yake, nashauri achague kwa ngazi tatu: fani moja anayoitamani ingawa ni ya ushindani mkubwa, moja inayolingana na uwezo wake wa kawaida darasani, na moja ambayo masharti yake anayatimiza bila ya shaka. Anayeziweka zote katika ngazi ya juu, upepo ukigeuka hana pa kushukia.

Jambo la nne ni mpango wa miezi. Mwaka wa Kidato cha Sita kwa kawaida unaanza Julai, na mtihani wa taifa kwa kawaida unafanyika Mei. Ukihesabu ni miezi kumi. Naomba vijana mnisikilize hapa.

Julai hadi Septemba ni miezi ya kuhakiki hati na kujua udhaifu wako. Kila mmoja anajua somo linalomshinda. Aliandike, amuendee mwalimu wake, asione haya. Oktoba hadi Disemba ni miezi ya kukamilisha muhtasari wa masomo na kuanza kufanya karatasi za mitihani iliyopita, kwa saa na kwa kalamu, si kwa kusoma majibu ya mwenzako. Katika kipindi hiki pia ndipo karafuu zinapokuwa juani. Wazee, najua karafuu ndiyo riziki yetu, na kijana wa Pemba kuchuma karafuu si aibu. Lakini kijana wa Kidato cha Sita apewe siku za mapumziko tu, si siku za masomo. Na katika pesa za karafuu itengwe sehemu, hata ikiwa ndogo, kwa ajili ya nauli ya boti, ada ya maombi na matumizi ya mwanzo ya chuo. Haba na haba hujaza kibaba.

Januari hadi Machi ni miezi ya mtihani wa majaribio na masahihisho yake. Mtihani wa majaribio haupigwi kwa ajili ya kumtisha mtu, ni kioo. Aliyepata alama mbaya Februari bado ana wiki kadhaa za kurekebisha. Katika miaka hii mwezi wa Ramadhani umekuwa ukiangukia Februari na Machi, kwa hivyo utaratibu wa kujisomea hauna budi kupangwa kwa kuzingatia futari, sala ya tarawehe na daku. Wako wanaosoma vizuri zaidi baada ya daku, kabla ya jua kupanda. Kila mmoja ajijue. Aprili ni ya marudio na mapumziko ya kutosha, na Mei ni ya mtihani.

Jambo la tano ni yale yanayofuata baada ya mtihani, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kijana akiweka kalamu chini mwezi wa Mei huona amemaliza. Kwa kweli amemaliza nusu. Juni asilale. Afungue anuani yake mwenyewe ya barua pepe, aandike neno la siri mahali salama, na awe na namba ya simu ambayo ni yake au ya mzee wake, si ya mwenye duka la kompyuta. Nasema hivyo kwa sababu kubwa. Tangu mwaka 2017 waombaji hupeleka maombi yao moja kwa moja kwa kila chuo kwa njia ya mtandao. Kijana anayechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa athibitishe chuo kimoja tu, na hutumia namba maalumu ya siri ambayo hutumwa kwenye simu aliyoiandika katika maombi. Namba ile ikienda kwa mtu ambaye hamjui, au katika laini iliyokwishafungwa, nafasi inaweza kupotea naye amekaa barazani anasubiri.

Matokeo kwa kawaida hutoka Julai, na maombi hupokelewa kwa awamu. Aombe awamu ya kwanza. Awamu za baadae zipo, lakini nafasi za fani zinazopendwa zinakuwa zimekwisha. Aidha, ajihadhari na watu wanaopita wakisema wanaweza kumhakikishia mtoto nafasi kwa kupewa fedha. Nafasi ya chuo hainunuliwi kwa mtu wa njiani. Kabla ya kulipa hata senti moja, angalieni kama chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, au na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi kwa vyuo vya stashahada na astashahada.

Sasa nizungumzie mkopo. Wapo wanaodhani kwamba aliyepata chuo amepata na mkopo. Sivyo. Maombi ya chuo ni mbali na maombi ya mkopo ni mbali, kila moja lina tarehe yake na karatasi zake. Zipo bodi mbili: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Jamhuri ya Muungano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kijana asome masharti ya kila moja na achague njia yake kwa ukweli, kwani hairuhusiwi kufadhiliwa na pande mbili kwa masomo yale yale. Na ajue kwamba mkopo ni deni. Kwa bodi ya Muungano, mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka amalize. Deni hilo likilipwa ndipo mdogo wake naye anapopata wa kukopeshwa.

Jambo la sita linawahusu wale ambao matokeo hayatakuwa kama walivyotarajia. Ndugu zangu, shahada si njia pekee. Wako wanaoanza na astashahada, wakapanda stashahada, na kutoka hapo, kwa wastani wa alama usiopungua 3.0, wakastahiki kuomba shahada. Njia hii ni ndefu kidogo, lakini inafika. Ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume kule Mbweni kwa wanaopenda ufundi. Vipo vituo vya mafunzo ya amali, na hapa Pemba kimoja kipo Vitongoji. Na anayetaka kurudia mtihani anaweza kufanya hivyo akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa hivyo mzee asimpokee mtoto kwa matusi siku ya matokeo. Siku ile anahitaji mtu wa kukaa naye na kumuuliza: mwanangu, sasa tunafanyaje?

Kuhusu watoto wa kike, naomba niseme kwa adabu. Yapo majumba ambayo mtoto wa kike akipata chuo cha mbali, wazee huingiwa na khofu. Khofu hiyo naifahamu, kwa sababu nilikuwa nayo. Dawa yake si kumzuia. Dawa yake ni kuuliza. Chuo kina dakhalia? Iko wapi? Nani msimamizi? Tuna jamaa katika mji ule? Maswali hayo yakiulizwa Januari yanapata majibu. Yakiulizwa wiki ya kuondoka yanakuwa ni kisingizio tu.

Mwisho, nina neno kwa watumishi wenzangu wa Serikali, wakiwemo Masheha, walimu wakuu na makarani. Fomu za hawa vijana zinapita mikononi mwetu. Sheha hutia saini, mwalimu huthibitisha, karani husajili. Kwetu sisi ile ni karatasi moja katika rundo, na kuiacha mezani mpaka wiki ijayo tunaona si kitu. Kwa kijana aliyeondoka Micheweni au Mkoani na gari ya asubuhi kuifuata, karatasi ile ni mwaka wake. Nawaomba mambo matatu. Kwanza, mwananchi aambiwe mara moja kila kinachotakiwa, asirudishwe mara tatu kwa vitu vitatu. Pili, kasoro ya jina ielezwe siku inapoonekana, isifichwe wala kuahirishwa. Tatu, tangazo lenye tarehe libandikwe siku linapofika, na lisomwe msikitini, sokoni na katika baraza za Masheha, kwa sababu si kila mwenye mtoto ana simu ya mtandao.

Ndugu Mwenyekiti, nimekuwa mrefu, na naona vijana wengine wameanza kuangalia madirisha. Naomba kila nyumba iandike mambo manne katika karatasi moja na kuibandika ukutani: jina kamili la mtoto kama lilivyo katika vyeti, namba yake ya mtihani wa Kidato cha Nne, fani tatu anazozikusudia pamoja na masharti yake, na tarehe za kufungua na kufunga maombi zitakapotangazwa. Karatasi hiyo haina gharama. Lau ningekuwa nayo ukutani kwangu mwaka ule, mwanangu angeondoka na wenzake.

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mimi wangu amekwishakuja. Nyinyi bado mna nafasi ya kutompokea. Nawatakia vijana wetu mtihani mwema, na nawaombea Mwenyezi Mungu awafungulie.